Tulikubaliana Kuachana. Wakili wa Nini?

Wiki mbili zilizopita mteja wangu mmoja aliingia dukani, akachagua kitenge, akakikunjua, akakirudisha kwenye rafu bila hata kuuliza bei. Nikajua hakuja kununua. Alisubiri wateja wapungue, kisha akasogea hadi kwenye meza yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, samahani. Wewe ulipoachana na baba watoto, uliweka wakili?"

Yeye na mumewe wametengana tangu mwaka 2020. Hawagombani. Mume anatuma hela ya watoto, Krismasi anakuja kuwaona, na akija wanakula meza moja. Wanachotaka sasa ni karatasi tu ya mahakama. Kaka zake wanamwambia asithubutu kwenda bila wakili, ataliwa. Mumewe naye anamwambia wakili atachukua ada ya shule ya watoto na kuwagombanisha watu ambao hawana ugomvi.

Nilimjibu kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wanaingia. Jioni nikajilaumu, maana jambo lenyewe halijibiki kwa sentensi moja, na mimi mwenyewe nilikaribia kuumia kwa kudhani linajibika hivyo. Kwa hiyo naandika hapa, kwa ajili yake na wengine walio katika hali hiyo.

Msimamo wangu ni huu. Ili mahakama ivunje ndoa ambayo nyote wawili mmeridhia ivunjwe, wakili si lazima. Sheria haimdai, na hatua ya kwanza kabisa ya safari hiyo hata haimruhusu kuingia. Lakini ile karatasi mnayoandika ninyi wawili kuhusu nyumba, kiwanja na watoto, isisainiwe kabla haijasomwa na mtu anayeijua sheria na ambaye halipwi na mwenzako. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wengi tunayachanganya.

Tulifunga ndoa kanisani hapa Morogoro mwaka 2007. Mungu akatujalia watoto wawili. Tulijenga Kihonda, polepole, chumba kwa chumba, na baadaye tukanunua kiwanja Mkundi. Mwaka 2017 ofisi yake ikahamia Dodoma kama ofisi nyingine za serikali. Mwanzoni alikuja kila Ijumaa, baadaye mara moja kwa mwezi, na ilipofika katikati ya 2018 akawa anakuja kama mgeni, anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Hakunipiga, hakunitukana, na mimi sikumfumania na mtu. Tulikauka, kama kisima kinavyokauka kiangazi. Siku moja tukaambiana kwenye simu kwamba imetosha, na sote wawili tukalia.

Baada ya hapo tukakaa miaka mitatu bila kufanya lolote la kisheria. Majirani walisema tumeachana, nasi tukasema hivyo hivyo. Kumbe kisheria tulikuwa mke na mume kamili. Nililijua hilo siku nilipokwenda benki kuomba mkopo wa kupanua duka, nikitaka kuweka nyumba rehani. Afisa mikopo akanipa fomu ya ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Nikamwambia tumeachana. Akaniuliza, "Hukumu ya talaka unayo?" Sikuwa nayo. Nyumba wanamoishi wanandoa haiwekwi rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na mwenzi ni mwenzi hata kama anaishi Dodoma na hajalala nyumbani kwa miaka mitatu. Upande wake naye alikuwa amepata mtu na alitaka kufunga ndoa. Ndoa yetu ilikuwa ya mke mmoja, na maadamu ilikuwa bado hai, sheria haikumruhusu kufunga nyingine yoyote. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tumefungwa na kamba ambayo hakuna aliyekuwa akiivuta.

Huku Bara talaka inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. (Zanzibar wana utaratibu wao na Mahakama za Kadhi, sitauzungumzia.) Sheria hiyo inatoa mlango mmoja kwa karibu kila mtu: kabla ya kwenda mahakamani, lazima mpite kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Wapo wanaosamehewa, kama mtu aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi, au ambaye mwenzake anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi karibuni. Sisi hatukuwa miongoni mwao.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Wazee wa kanisa walikuwa wametukalisha mara mbili mwaka 2019, wakashindwa kutupatanisha. Nikawaomba waniandikie barua. Wakaandika barua nzuri, ina muhuri, ina sahihi tatu. Nikaivaa kama ngao hadi Mahakama ya Mwanzo. Karani akaisoma yote kwa heshima, kisha akanirudishia. "Mama, hii ni barua. Mimi nataka hati ya Baraza." Baraza linalotambuliwa ni lile lililoundwa kwa mujibu wa sheria. Kila kata inapaswa kuwa na lake, na zipo jumuiya za dini ambazo mabaraza yao yametambuliwa rasmi. Kikao cha wazee waliotukalisha sisi hakikuwa mojawapo. Walitusuluhisha kwa moyo safi, lakini mahakama haikuweza kutumia karatasi yao.

Tukaenda Baraza la kata. Baba watoto alisafiri kutoka Dodoma na alipofika hakuwa peke yake. Alikuwa na rafiki yake wa siku nyingi ambaye ni wakili, amevaa suti, ameshika faili. Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akamsalimu vizuri kisha akamwambia, "Wewe mwanangu utatusubiri nje, chini ya mwembe." Rafiki akataka kueleza. Mama akamkatiza kwa upole: sheria inakataza Baraza kumruhusu wakili kumwakilisha mtu yeyote. Hata mtu mwingine asiye wakili hawezi kukusemea, isipokuwa awe ndugu yako, labda kuwe na sababu ya pekee. Nilifurahi siku ile, na mpaka leo naona waliotunga kifungu hicho walikuwa na busara. Kuna maneno ambayo mume na mke wanaweza kuambiana mbele ya wazee watatu kwenye mabenchi, na hawataambiana kamwe kama kila sentensi inapitia kwanza kinywani mwa mwanasheria. Pale nilimsikia baba watoto akisema kwamba alikuwa mpweke hata kabla hajahamia Dodoma. Sikulijua hilo. Halikurudisha ndoa, lakini liliniondolea uchungu mwingi.

Vikao vilikuwa viwili. Mwishoni tukapewa hati, ambayo watu wa mahakamani huiita Fomu Namba 3, inayosema Baraza limeshindwa kuwapatanisha. Nawaomba sana mwisome kabla ya kuondoka, hapo hapo mezani. Iwe imeandikwa wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Majina yawe sahihi. Iwe na tarehe, kwa sababu hati hiyo haitakiwi kuwa imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Mwezi wa saba inakuwa karatasi ya kufungia vitumbua, mnarudi Baraza upya. Na msidhani kwamba mkikubaliana mtu hatajali kasoro hiyo. Mahakama ya Rufani imeshafuta mienendo ya mashauri ya talaka kwa sababu hati ya Baraza haikuwepo au haikuwa halali. Fikiria umeshaolewa tena, umeshagawana mali, halafu miaka kadhaa baadaye unaambiwa talaka yako haikuwa talaka. Hili linampata hata aliyeachana kwa amani, maana amani ya leo haizuii rufaa ya kesho.

Sasa nifike kwenye lile lililokaribia kuniumiza.

Yule rafiki wakili, aliyesubiri chini ya mwembe, alijitolea kutuandikia mkataba wa makubaliano "bila gharama, kwa sababu ninyi nyote ni watu wangu". Siku nne baadaye nikatumiwa rasimu kwenye simu. Kurasa tatu. Nyumba ya Kihonda ibaki kwa baba "kwa manufaa ya watoto". Kiwanja cha Mkundi ni mali yake kwa kuwa kilinunuliwa kwa jina lake. Mama atachukua vyombo vyote vya ndani na duka, na hatadai chochote tena, sasa wala baadaye. Watoto wataishi na mama, na baba atachangia "kadiri ya uwezo wake".

Niliisoma usiku, watoto wamelala. Na nilikuwa tayari kusaini. Nataka anayesoma hapa aelewe kwa nini, kwa sababu najua kuna dada mahali fulani ana rasimu kama ile kwenye simu yake usiku huu. Nilikuwa nimechoka. Miaka mitatu ya kujieleza kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa walimu wa watoto, inamaliza nguvu. Nilifikiri nikibisha nitaonekana mtu wa mali, na ule upole wetu wote utaharibika. Nikaona makubaliano ni makubaliano. Mtu aliyechoka hukubali chochote kinachomwahidi kulala, na mwandishi wa karatasi hana haja ya kuwa mbaya ili amdhulumu. Inatosha awe anasimama upande mmoja.

Aliyenizuia ni dada yangu mkubwa. Aliniambia, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe daftari lako liko wapi?" Akanipeleka kwa wasaidizi wa kisheria. Tangu sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 watu hawa wanatambulika rasmi, na wapo wilaya nyingi. Yupo pia wakili anayekuja siku fulani. Hatukulipa kitu. Aliyetuhudumia alikuwa binti mdogo kuliko mimi kwa umri, akasoma zile kurasa tatu akiwa na kalamu nyekundu, hakusema neno mpaka mwisho.

Kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wakati nyumba inajengwa, nani alikuwa anakaa na mafundi? Mimi. Nani alikuwa anawapikia? Mimi. Saruji ya lenta ilitoka wapi? Kwenye mchezo wangu wa kina mama. Kiwanja kilinunuliwa mwaka gani? 2013, ndani ya ndoa. Risiti zipo? Baadhi zipo, kwenye kopo la maziwa.

Akanieleza kwamba jina kwenye hati ya kiwanja peke yake halimalizi mambo. Mahakama inapovunja ndoa ina mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja, na inapogawa hutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Si lazima iwe nusu kwa nusu kama wengi wanavyodhani. Na kazi za nyumbani ni mchango. Hilo lilisemwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, hukumu ambayo wanasheria wa nchi hii wanaitaja mpaka leo. Kabla yake mama wa nyumbani aliweza kuambiwa hakuchangia kitu kwa kuwa hakuwa na mshahara. Baadaye nililisoma shauri lile mwenyewe, na kilichonigusa ni kwamba Bi. Hawa alishindwa rufaa yake. Mahakama ilikubali kwamba kazi ya nyumbani ni mchango, lakini ikaona pesa alizokuwa amepewa na mumewe kwa ajili ya biashara alizitumia vibaya, hivyo hakupata zaidi. Maelfu ya wanawake wamepata nyumba kwa mlango alioufungua yeye, naye mwenyewe alirudi mikono mitupu. Kila nikipita sebuleni kwangu namkumbuka.

Kazi nzima ya yule binti ilichukua muda usiozidi saa moja na nusu. Hakuniambia nipigane. Aliniambia niandike mapendekezo yangu, nimpelekee mwenzangu, na pale penye "kadiri ya uwezo wake" niweke kiasi cha shilingi na tarehe ya mwezi, kwa sababu mahakama haiwezi kumkamata mtu kwa uwezo ambao haukuandikwa. Akaniongezea kwamba amri ya matunzo ya watoto inaweza kubadilishwa hali ikibadilika, kwa hiyo nisiogope kuandika kiasi cha sasa.

Baba watoto aliumia. Siku ya kwanza alikata simu. Siku ya tano akapiga akaniuliza nani ananidanganya. Nikamsomea maswali yale yale: nani alikaa na mafundi? Akanyamaza muda mrefu. Nampa heshima yake hapa, maana angeweza kugeuka mbogo na hakugeuka. Baada ya majuma mawili tukaandika upya: nyumba ya Kihonda kwangu na watoto, kiwanja kwake, duka langu, na shilingi 150,000 kila tarehe 5 pamoja na ada ya shule. Tulisaini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Na tungeweza kuumizana vibaya sana kama ile rasimu ya kwanza ingesainiwa, halafu mimi nikazinduka baada ya miaka miwili.

Mahakamani sikuwa na wakili, naye hakuwa naye. Shauri la ndoa unaweza kulianzisha Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa watu kama sisi, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Mahakama hizo kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama. Marekebisho ya mwaka 2021 ndiyo yaliyowafungulia, pale anapokaa hakimu mkazi. Mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa rasmi kuwa lugha ya mahakama, jambo ambalo kwa mtu asiye na wakili si dogo. Niliandika madai yangu mwenyewe kwa kalamu: ndoa yetu na tarehe yake, watoto na umri wao, kwamba hatujawahi kushtakiana kabla, kwa nini ndoa imevunjika, tumekubaliana nini kuhusu mali na watoto, na naomba nini. Nikaambatanisha cheti cha ndoa, hati ya Baraza na makubaliano yetu. Nikalipa ada, samansi ikaenda Dodoma.

Nilidhani tukisimama na kusema tunakubaliana, itakuwa dakika tano. Haikuwa hivyo. Hakimu, akiwa na wazee wawili washauri wa mahakama (si wale wa Baraza la kata), alituambia wazi kwamba kukubaliana kwenu si sababu ya talaka. Yeye anatakiwa kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Akataka kusikia tulitengana lini, kwa hiari ya nani, nani anajua. Hapo miaka yetu mitatu ya kukaa kimya ikatusaidia bila sisi kujua, kwa sababu kutengana kwa hiari kwa muda usiopungua miaka mitatu ni moja ya mambo ambayo sheria inayataja kama ushahidi wa ndoa kuvunjika. Dada yangu akatoa ushahidi, na jirani mmoja.

Hapa niweke jambo dogo ambalo watu wema hukosea. Baba watoto alitaka yeye ndiye afungue shauri na aandike kwamba makosa yote ni yake, ili mimi nisichafuliwe. Yule binti wa msaada wa kisheria alitukataza. Mahakama inaweza kukataa talaka ikiwa mwombaji anategemea makosa yake mwenyewe tu. Ukarimu wake ungetuangusha. Nikafungua mimi.

Hakimu pia hakuyapokea makubaliano yetu kuhusu watoto hivi hivi. Aliomba kuzungumza na binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 13, ofisini kwake. Sijui walizungumza nini, na sijamuuliza. Alitoka amenyooka mgongo, akaketi katikati yetu.

Kwa hiyo nani anahitaji wakili kamili, wa kusimama naye mwanzo mpaka mwisho? Kama kuna kipigo au vitisho, usiende peke yako hata kama unaambiwa "tumekubaliana". Makubaliano ya mtu anayeogopa si makubaliano. Kama mali iko kwenye kampuni, au imeandikwa jina la shemeji au la mama mkwe. Kama mmoja yuko nje ya nchi. Kama ndoa haijafikisha miaka miwili, kwa sababu hapo unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama hata kufungua shauri. Kwa dada zangu Waislamu: talaka aliyokutamkia mumeo haijafuta ndoa kwenye daftari la serikali. Sheria inataka Baraza lithibitishe kwanza kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha baada ya hati hiyo ndipo talaka itolewe kwa mujibu wa dini, na mahakama ikijiridhisha na hayo inavunja ndoa. Nimewaona walioanza na talaka na kumalizia na Baraza, wakarudishwa mwanzo.

Na ukiamua kumweka wakili, hakikisha ni wakili. Nje ya mahakama nyingi kuna vishoka wenye mikoba mizuri kuliko ya mawakili. Orodha ya mawakili iko kwenye mtandao wa Mahakama, tafuta jina lake hapo kabla hujatoa hata shilingi.

Hukumu yetu ilisomwa asubuhi ya Jumatano. Siku 45 za rufaa zikapita bila mtu kukata rufaa, nikachukua nakala, na talaka ikasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Benki nilirudi mwezi uliofuata. Baba watoto alifunga ndoa Dodoma mwishoni mwa mwaka, na binti zetu walikwenda wamevaa kitenge nilichokikata mimi.

Jana yule mteja amepita tena. Mumewe ameshamtumia rasimu. Nilimwona ameishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu cha moto. Nimemwambia asijibu kitu kwanza, na Jumamosi nikifunga duka saa nane tunakwenda wote kwa yule binti mwenye kalamu nyekundu. Nimemwambia aje na risiti zote, hata zile zilizofifia.